Peris Aliyetuchagulia Mbwa

Peris Nangila, dada wa marehemu mume wangu, ni fundi wa sare za shule pale Kamukuywa. Baba yao alitunza mbwa kwenye shamba la mzungu karibu na Kitale, na Peris pekee ndiye aliyeshika ujuzi huo. Ndiyo maana nyumba yangu hapa Bungoma ilipozidi kimya baada ya mazishi, nilimwomba anisindikize Kitale kununua teria, mbwa mdogo mwenye nywele ngumu.

Kwa muuzaji alitaka kwanza kumwona mama wa watoto wa mbwa waliokuwa wakiuzwa. Mtoto mmoja alijificha, mwingine akamuuma kidole. Peris akamchukua yule aliyetunusa viatu kisha akarudi kucheza.

“Huyu si mwoga wala mkorofi,” alisema. “Lakini usipomtembeza kila asubuhi, Mama Edinah, atachimba maua yako yote, wewe na digrii yako mkiangalia.”

Nilicheka. Alinifundisha habari za chanjo na dawa ya minyoo, kumchana, kutompa mifupa ya kuku. Hata karai la kumwogeshea alinunua yeye.

Mwaka huu watu wa Bumula walikuja kuzungumzia mahari ya binti yangu Edinah. Kwetu msemaji wa wanawake huwa senge, yaani shangazi upande wa baba. Lakini Peris ana mizaha mingi, na hii ilikuwa siku ya heshima. Nikampa nafasi hiyo dada yangu, mwalimu mkuu mstaafu, nikamwomba Peris asimamie jikoni.

“Sawa tu,” alinijibu. “Nyinyi ndio mmesoma.”

Edinah alipoleta beseni na maji ya kunawa, mama wa kijana aliyemposa alikunja mikono.

“Tumeshiba, mama.”

Mkwe akikataa kula kwako, amekataa nyumba. Nilimsihi mpaka akasema, “Tumesikia mbwa anaogeshwa kwenye beseni hilo. Senge mwenyewe ametuambia.”

Nilimkuta Peris akipakua ugali.

“Unajua mbwa ana karai lake.”

“Najua.”

“Mbona basi?”

“Si uliniweka jikoni? Haya ndiyo maneno ya jikoni.”

Niliporudi sebuleni, kaka mkubwa wa mume wangu, Mzee Wepukhulu, alikuwa ameshawatuliza wageni: wangekula Jumamosi inayofuata, nyumbani kwa Peris. Wakakubali upesi. Nilitaka kukataa, ila Edinah alikuwa bado ameshika birika, machozi yakimtoka.

Jumamosi hiyo Peris aliketi mbele na wakwe, akawachekesha hadi wakaomba chai tena. Wakapatana mahari. Mimi nilionyeshwa kiti karibu na mlango. Mama wa kijana akaniinamia, akasema nina bahati kuwa na wifi mwenye moyo kama ule.

Nikamwambia ni kweli, nikaomba niongezewe mboga.