Kidato cha Tatu Kilipoitikia

"Mwalimu, sisi siyo darasa la pili."

Alisema hivyo kijana wa dawati la nyuma, mwenye ndevu nyingi kuliko zangu, siku ya kwanza nilipofungua kitabu cha hadithi nikaanza kuwasomea kidato cha tatu pale sekondari ya Kasulo. Walicheka, kisha wakanyamaza. Wakanyamaza mno. Nilisoma mbele ya nyuso zisizosema kitu, nikaamini nimeshindwa.

Mwalimu wa taaluma alikuwa anakitaka kipindi kile cha hadithi. Alishanionya: nikileta fujo, kinakwenda kwenye Hesabu. Mimi ni mwalimu wa kujitolea, digrii ninayo, ajira sina. Ningebishana naye kwa lipi?

Wiki iliyofuata nikawauliza waziwazi kama hadithi inawachosha.

"Haituchoshi," akajibu binti mmoja wa Kisukuma. "Ila nyumbani msimuliaji anaitikiwa. Usipomwitikia, anajua umelala. Hapa tukifungua mdomo tunachapwa."

"Hata kwetu Wahangaza," akadakia mwenye ndevu. "Wewe unasoma tu kama redio."

Nani aliamua kwamba mwanafunzi mkimya ndiye anayesikiliza? Nikawaambia waitikie. Nikasoma habari za mwanamke anayerudi kwao kwa miguu, mtoto mgongoni, mto umefurika. Kila nilipotua, "Enhe!" Akitia mguu majini, "Enhe!" Nilijua sauti inafika ofisini. Sikuwanyamazisha.

Mlango ukafunguka. Mwalimu wa taaluma, fimbo mkononi. Darasa likasimama.

"Shikamoo, mwalimu!"

"Marahaba. Kaeni. Hapa ni mnadani?"

"Wanasikiliza, mzee," nikasema.

"Kusikiliza gani kwa makelele? Haya, endelea nione."

Nikasoma. Maji yalimfika mwanamke kifuani. Nikatua. Hakuna aliyeitikia, macho yote yalikuwa kwenye fimbo. Ningeweza kuendelea tu, nikawa redio tena, kipindi kikabaki changu. Nilisubiri.

"Enhe," ikatoka sauti nzito kule nyuma. Yule binti akafuata. Kisha wengine, chini chini.

"Kuanzia Jumatatu, hiki ni kipindi cha Hesabu," alisema mwalimu wa taaluma. Akatoka, akaacha mlango wazi, akasimama barazani.

Kengele ilikuwa bado. Mwanamke alikuwa katikati ya mto. Nikaongeza sauti.