Swali la Mama Uani

Mdogo wangu alipochaguliwa timu ya taifa ya raga, mama hakumkataza, ila hakuwahi kumtazama akicheza. Siku ya mechi na Waganda sisi tulijaa sebuleni kwetu Kikwajuni mbele ya televisheni; yeye kakaa uani na tasbihi yake, katupa mgongo. Kila wanaume waliporundikana juu ya mwanawe na sisi tukapiga kelele, aliuliza swali lilelile.

"Kasimama?"

"Kasimama, mama."

"Alhamdulillahi."

Kipindi cha pili mdogo wangu akapigwa goti kichwani. Akalala kimya, uso kwenye majani. Kisha akajizoazoa, akainuka, na wajomba wakaruka vitini: "Dume hilo!" Nilitamani kuwatoa wote nje. Dume gani? Mtu kazimia mbele ya macho yao, hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini hatolewi!

"Kasimama?" mama aliuliza.

Nilikuwa nikimtazama mdogo wangu. Alikuwa kajipanga safuni, mikono magotini, tayari kucheza, katikati ya Waganda, kana kwamba ndio wenzake.

"Kasimama, mama."

"Alhamdulillahi."