Seva ya Jirani

Jirani yake Raelene pale Ballarat, Australia, alinunua seva ya mtumba, kompyuta bapa ya ofisini ambayo hukaa kabatini pamoja na nyingine za aina yake, akailaza juu ya meza ya jikoni aitumie kusomea barua pepe. Ilinguruma kama ndege inayotaka kuruka. Kila asubuhi aliketi mbele yake amevaa vikinga masikio vya kukatia nyasi, akibonyeza herufi kwa kidole kimoja, soksi zake zikikauka nyuma kwenye joto la feni.

"Si ununue ya kawaida, jirani?" Raelene alipaza sauti dirishani.

"Hii ina nguvu!"

"Nguvu za nini, unarusha roketi?"

Akacheka tu, akageuza soksi.

Jumamosi Raelene, akiwa hajalala vizuri wiki nzima kwa ngurumo ile ya mchana na usiku, alienda kumwambia achague: mashine au ujirani. Kabla hajapiga hodi, umeme ukakatika mtaa mzima. Mlango ukafunguka. Jirani akavua vikinga masikio taratibu, akaitegea sikio nyumba yake mwenyewe.

"Hivi nyinyi," aliuliza kwa sauti ndogo ambayo Raelene hakuwahi kuisikia, "kimya hiki mnaishi nacho vipi?"

Umeme uliporudi, Raelene ndiye aliyekuwa jikoni kwa jirani akipapasa kutafuta kitufe cha kuiwasha seva, na hata leo hajui kwa nini.