Kidevu cha Mkubwa

Makofi hakupewa jina hilo na mama yake. Alilipata ukumbini, zamani, Mkubwa alipokuwa bado anagombea urais na kushindwa, anagombea na kushindwa, na mikutano yake ikijaa viti kuliko watu. Kazi yake halisi ilikuwa kuuza magodoro. Duka lake lilikuwa pembeni ya kituo cha mabasi, magodoro yamepangwa mpaka darini, mwenyewe amejibanza katikati kama kunguni mwenye leseni.

Kipaji chake kilikuwa kimoja: alijua wakati wa kupiga makofi. Msicheke. Ukipiga mapema unamkata kiongozi sentensi. Ukichelewa, kimya kinaingia, na kimya kwenye mkutano wa siasa kinanuka. Makofi aliketi safu ya tatu, kiti cha pembeni, akapiga pa! na ukumbi mzima ukamfuata. Walipomuuliza siri yake alisema, "Maneno ni ya waandishi wa habari. Mimi naangalia kidevu. Mkubwa akimaliza jambo anameza mate, kidevu kinapanda. Hapo hapo napiga."

Mkubwa aliposhinda, alimwita. "Haya, Makofi, sema unataka nini."

"Uenyekiti wa soko, Mkubwa."

Lakini soko lilikuwa limeshaahidiwa shemeji yake Mkubwa, na soko lina mapato, si kitu cha kumnyang'anya shemeji wa watu hivi hivi. Kilichobaki mezani kilikuwa ubalozi.

Makofi aliupokea bila kujua nchi yenyewe iko upande gani. Kilichomtoa machozi ni baba mkwe wake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye miaka yote ya ndoa alikuwa akimwita "yule wa magodoro," hata akiwa amekaa naye kochi moja. Siku tangazo liliposomwa redioni, mzee alisimama, akatoa mkono, akasema, "Karibu, Balozi." Kuanzia hapo Makofi angekubali kupelekwa hata mwezini, ilimradi asilipoteze neno lile.

Ubalozini palikuwa na zulia la kuzamisha kisigino, picha ya Mkubwa, na katibu wa ubalozi, mwanamke aliyesomea kazi hiyo na asiyelificha hilo. Alimfundisha kushika uma, kunyamaza, na kupiga makofi ya kibalozi, yaani kwa ncha za vidole, kama mtu anayejikung'uta unga.

"Na usianze wewe, Mheshimiwa. Subiri wengine."

"Na wakisubiriana wote?"

"Ndiyo diplomasia yenyewe."

Mwaka mzima alijizuia. Kisha ikaja hotuba ya rais wa nchi ile kwa mabalozi wote. Ukumbi baridi, tai inabana, kila mtu kachomeka kifaa cha tafsiri sikioni. Chake kilimwasha, akakichomoa. Hakuona hasara; tangu lini alihitaji maneno? Rais yule alizungumza weee, uso ameukunja. Halafu akanyamaza. Akameza mate. Kidevu kikapanda.

Kilikuwa kidevu cha Mkubwa, kama kimeazimwa.

Mikono ya Makofi haikumwomba ruhusa. Pa! Mabalozi wakatazamana, kila mmoja akadhani mwenzake anajua jambo, wakafuata. Wengine wakasimama kabisa. Kamera zikamgeukia Makofi, anapiga, meno yote nje.

Katibu alimwinamia kutoka nyuma. "Mheshimiwa, amesema Mkubwa wetu kaiba kura."

Simu ya mkewe iliingia akiwa bado garini. "Baba watoto, nimekuona kwenye taarifa ya habari. Suti imekukaa. Ulikuwa unashangilia nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sikuwa nasikiliza."

"Na miaka yote ile kwa Mkubwa?"

Makofi akasema mtandao unasumbua.

Akaitwa nyumbani. Mkubwa alimpokea ofisini, bila chai. "Nieleze."

"Sikusikiliza alichosema, Mkubwa. Niliona kidevu, mikono ikaenda."

"Na hotuba zangu mimi? Hizo ulisikiliza?"

Sentensi moja tu ingemwokoa, ahadi moja, barabara moja, kisima kimoja. Makofi alipekua kichwa chake kama mtu anayetafuta funguo mlangoni, hakukuta kitu. "Kidevu chako ni kizuri zaidi," akasema.

Hakurudi ubalozini. Mkubwa naye akafuga ndevu.

Hata hivyo, mkutano mkuu ulipokaribia, waandaaji walimfuata wenyewe dukani. Tangu aondoke, makofi yalikuwa yanadondoka moja moja, aibu tupu. Wakamweka safu ya tatu, kiti chake kile kile. "Fanya kazi yako leo," walimnong'oneza, "na lile jambo la ubalozi litazungumzika."

Mkubwa akapanda jukwaani. Makofi akakodoa macho: ndevu, ndevu, ndevu. Kidevu hakionekani. Ikabidi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, asikilize maneno. Aliyasikiliza yote, moja baada ya jingine, mpaka mwisho. Ukumbi ukamtazama. Mkubwa akamtazama. Mikono yake ilibaki mapajani.

Sasa yuko dukani. Juzi baba mkwe alikuja kutafuta godoro, mgongo unamsumbua. Makofi alipomwona anavuka barabara alijiandaa kabisa kulisikia lile jina la zamani. Mzee alibonyeza hili, akabonyeza lile, akamgeukia.

"Hili zuri?"

"Lala kwanza, baba, halafu uniambie wewe."

Mzee akavua kofia, akajilaza na viatu vyake, akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka mteja mwingine akaingia, akawatazama, akatoka.

"Gumu hili, Balozi," mzee akasema. "Nionyeshe jingine."