Proksi Iliyoacha Kuuliza

Siku yangu ya kwanza kazini nilikalishwa mbele ya redio ya mawasiliano, kisha nikaambiwa nisiiguse. Hiyo ilikuwa Tunduma, miaka ile biashara imefunguliwa tu na malori ya Zambia yameanza kupanga foleni. Nilikuwa binti wa Kindali kutoka Ikinga, niliyejua kupiga taipu na kunyamaza. Kampuni yetu ilifanya uwakala wa forodha: mwenye mzigo anatuletea karatasi zake, sisi tunazihangaikia mpaka lori livuke. Redio ndiyo iliyotuunganisha na Dar es Salaam.

Mkuu wa Kituo alikuwa mzee wa Kinyiha, mkali, mwenye kikohozi kisichopona. Aliponiruhusu hatimaye kushika kipaza sauti alinipa sheria moja tu. "Ukipokea ujumbe, mrudishie aliyeutuma kama ulivyousikia, akubali. Na mtu akija jioni kuulizia habari ya asubuhi, usimjibu kwa kichwa chako. Muulize tena mwenye habari kule aliko. Habari ya kiporo hapewi mgeni." Niliona ananichosha bure.

Baadaye nilihamishiwa Kasumulu, kwenye mpaka wa Malawi, nikakaa mpaka nikaolewa na kumzaa Atupele. Niliporudi Tunduma redio ilikwishatupwa stoo, nami nikaitwa Fundi Mifumo. Cheo hicho nilikipata kwa mafunzo ya Mbeya, ambayo nusu yake sikuielewa na nusu nyingine niliogopa kuuliza.

Intaneti yetu ilipitia kwenye dishi lililokuwa juu ya paa, na ilikuwa nzito kama lori lililojaa shaba. Ili kuipunguzia mzigo, tuliwekewa proksi. Proksi ni kompyuta inayokaa katikati ya ofisi na dunia. Karani akitaka ukurasa, proksi inakwenda kuuchukua, kisha inabaki na nakala ghalani mwake. Karani wa pili akiutaka huohuo, anapewa nakala bila safari ya pili. Hapo nilielewa, kwa sababu mama yangu akienda sokoni alikuwa analeta chumvi ya nyumba zote za jirani.

Kilichonivuruga ni mashine pepe. Makao Makuu walikataa kununua kompyuta nyingi, wakaleta moja kubwa, na ndani yake programu ikaumba kompyuta kadhaa zisizo na mwili. Kila moja inaamini ina memori yake na diski yake, kumbe zote zinakula kwenye sufuria moja. Ile kubwa inaitwa mwenyeji. Proksi ikahamishiwa humo. Sioni aibu kusema kwamba nililizunguka lile sanduku la chuma nikitafuta hizo nyingine ziko wapi.

Proksi ilipoanza kujikokota, niliiongezea memori. Ikazidi kujikokota. Nikaiongezea tena, ofisi nzima ikasimama. Nikampigia Mhandisi Mkuu, Dar es Salaam.

"Umeipa kiasi gani?"

"Yote iliyokuwepo, Mhandisi."

"Na mwenyeji amebaki na nini?" Nilimsikia akicheka. "Mama Atupele, mwenyeji akiishiwa memori anaanza kuweka vitu vyake kwenye diski, na diski ni kobe. Umemnyima ng'ombe majani ili ndama anenepe. Punguza."

Nikapunguza, ikakimbia. Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Maisha yangu yote nilijua ukiongeza pumba unaongeza maziwa, na sasa nalipwa mshahara kwa kujua kinyume chake.

Kisha akaja Meneja wa Kanda mpya, kijana nadhifu aliyependa neno "kasi". Alikaa nyuma ya kiti changu nikamwonyesha proksi inavyofanya kazi. Nikamweleza kwamba kabla ya kutoa nakala, proksi inatuma swali kule ukurasa ulikotoka: je, bado ni hii? Swali hilo linapanda kwenye dishi na kurudi, na ndilo linalokula muda.

"Inauliza nini kila saa?" alisema. "Inyamaze, itoe alichoombwa."

"Kuna kurasa zinabadilika, Meneja."

"Mama, wewe ni wa zama za redio."

Mhandisi Mkuu naye akakubali. Nikaandika kanuni: nakala zikae ghalani siku nzima, proksi isiulize. Loo, ilikuwa raha! Kurasa zilifunguka kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe. Makarani walipiga makofi, na mimi nilifurahi kuliko wao. Zamani walikuwa wanavuka barabara wenyewe kwenda dirishani kwa watu wa forodha kuulizia mizigo. Tangu kasi ije, waliacha. Kwa nini mtu ale vumbi wakati kioo kinajibu?

Ukaingia msimu wa nyanya. Bwana Simwanza, mkulima wa pande za Mbozi, alikuwa amewashawishi majirani zake waache kuwauzia walanguzi barabarani. Wajaze lori moja pamoja, wapeleke Nakonde, upande wa Zambia, kwa mnunuzi aliyemtafuta yeye mwenyewe. Wengi walisita, wakakubali kwa ajili ya jina lake. Lori lilifika kwetu asubuhi, karani akatuma maombi kwenye mfumo wa forodha, akafungua ukurasa. Uliandikwa: Inasubiri.

Simwanza akawa anarudi dirishani kwetu kila mara. Karani anafungua, ukurasa unatokea papo hapo: Inasubiri. Jua likapanda. Simu ya mnunuzi ikaita, sauti ikasikika mpaka kwangu: "Mukwai, bwana, lori liko wapi? Wenzako wanashusha hapa!" Alasiri matenga ya chini yalianza kuvuja, maji mekundu yakichuruzika kwenye tairi.

"Mama, hebu niangalizie na wewe," Simwanza aliniambia. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

Nikaangalia. Inasubiri. Nikaikagua proksi: memori inatosha, mwenyeji ametulia, diski haina kazi, kurasa zinatoka mbio. Mashine haikuwahi kuwa na afya kama siku ile. Nilichanganyikiwa hasa kwa sababu sikuona kitu chochote kilichoharibika. Nikakaa nikikitazama kile kioo, na ghafla nikasikia kile kikohozi cha mzee wa Kinyiha, kama yuko nyuma yangu.

Nikainuka, nikavuka barabara, nikamuuliza ofisa wa forodha. Akanigeuzia kioo chake.

"Imeruhusiwa tangu asubuhi, mama. Mnangoja nini?"

Nilikimbia na kitenge changu mkononi. Lori likavuka, lakini mnunuzi alikwishajaza ghala lake. Matenga ya chini yalimwagwa mtaroni, yaliyobaki Simwanza akayatoa kwa bei yoyote aliyotajiwa. Jioni Simwanza alipita kwangu.

"Kwa hiyo mashine imenidanganya?"

"Hapana, baba. Ile ilikuwa kweli ya asubuhi."

"Kweli ya asubuhi," akarudia polepole. "Nikawaambie hivyo majirani?"

Jioni ileile nilirudi kwenye mashine.

Niliufutia ukurasa wa forodha ile kanuni ya siku nzima, proksi ikaanza kuuliza tena. Mwisho wa mwezi ikaja taarifa ya kanda: kituo chetu ndicho kilichoongoza kwa kasi. Nilipewa cheti cha pongezi chenye jina langu kamili, mbele ya watu, na soda. Sikujua nicheke au nilie. Nilimpigia Mhandisi Mkuu nikamuuliza nani alikosea.

"Proksi ilifanya ulichoiagiza. Wewe ulifanya alichoagiza Meneja. Meneja alifanya walichoagiza Makao Makuu."

"Na nyanya?"

"Nyanya hazimo kwenye mfumo, Mama Atupele."

Nimestaafu, nimerudi Ikinga. Ninyi vijana mnaoshika kazi hizi mngependa niwape hekima, lakini ninayo machafuko tu kichwani. Kuongeza kulipunguza, mashine nzima ilitoa jibu bovu, na mwezi niliopongezwa ndio mwezi ninaouonea haya. Hata hivyo Atupele amekiwekea fremu cheti changu na kukitundika sebuleni.

Mwaka jana kulikuwa na msiba kwa jirani, na miongoni mwa wageni alikuwa Bwana Simwanza, mvi tupu. Nikamkaribisha ndani. Alisimama mbele ya cheti akakisoma kwa kidole, mpaka kidole kikasimama kwenye tarehe.

"Huu si mwezi wa nyanya?"

"Ndio huo, baba."

Nilingoja akasirike, au angalau acheke. Akaketi, akaweka kofia gotini.

"Majirani hawakuniamini," alisema, sauti haina hasira. "Mpaka leo kila mtu anauza zake peke yake barabarani."

Kisha akaomba maji ya kunywa, nikainuka kumletea.