Kamusi Niliyomwekea Zulfa

Nilimfukuza mwanamke kwa kamusi. Hakuna aliyenituma, hakuna aliyenidanganya, na sikuwa nimelewa. Nilikaa chini nikiwa na akili zangu zote, nikaiweka kwenye kompyuta yake, nikaijaribu, ikafanya kazi.

Siandiki jina langu kwa sababu watu wa ofisini kwetu wanasoma ukurasa huu wakati wa chai. Kunicheka walishanicheka vya kutosha.

Mimi ni Mkenya wa upande wa Kitale, niko Kampala kwa kazi. Kampuni yetu iko Kawempe. Tunapokea mizigo kutoka Mombasa na kuifikisha kwa wenyewe, wengine hapa mjini, wengine Kongo. Natunza kompyuta na kufuatilia malori. Ofisini hakuna anayetumia jina langu, naitwa Kenya tu. Kenya, printa imekwama. Kenya, lori limefika wapi. Nimezoea.

Kuna jambo lazima mlijue kwanza. Ukiwa Mkenya hapa Kampala, watu wanaamini Kiswahili ulikinyonya kwa mama. Mimi kwa mama nilinyonya Kibukusu. Kiswahili nilikipata shuleni pamoja na viboko, na alama zangu zilikuwa za wastani. Lakini mtu akikuita profesa kila asubuhi ni vigumu kumkatalia. Sikumkatalia mtu.

Sasa Zulfa. Hilo si jina lake, nimelichagua tu. Alikuwa anajibu barua za wateja, meza yake iko upande wa pili wa ofisi, karibu na dirisha. Wateja wa Goma na Bukavu wanaandika Kiswahili, na neno likimshinda alikuwa anakuja kwangu. Anakuja saa ya chai, kikombe mkono mmoja, anaegemea kabati la mafaili.

"Kenya, hii neno inasema nini?"

Namwambia. Anaandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, ananiachia kabalagala, vile vikeki vya ndizi alivyopikiwa na mama yake, anarudi kwenye meza yake. Barua alizoandika baada ya hapo zilikuwa nzuri mno, wateja walikuwa wanazisifu. Nikajipongeza moyoni kwamba najua kufundisha.

Mwanzoni maneno yalikuwa ya kazi. Stakabadhi, dhamana, ushuru. Hayo nayajua. Baadaye yakaanza kugeuka. Siku moja akaniuliza bashasha. Siku nyingine haiba. Akauliza shauku, nikamwambia ni kama haraka. Nikamuuliza ni mteja gani huyo anayeandika maneno magumu hivi. Akasema hayamo kwenye barua, ameuliza tu.

Mwanaume mwenye macho angeona kitu hapo. Mimi niliona kwamba maneno yanazidi kuwa magumu.

Siku aliyouliza muhibu nilitokwa na jasho. Sijawahi kulisikia neno hilo. Nikamwambia ni jina la mtu, hasa wa Pwani.

"Ya mwanaume ama ya mwanamke?"

"Wote wanaweza kuitwa."

Akanitazama, akacheka kidogo, akaenda zake. Wala hakuandika kwenye kiganja. Nikajua nimeshikwa, na kwamba siku si nyingi ofisi nzima itajua profesa wao ni wa kubahatisha.

Hapa ndipo penye ungamo lenyewe. Kila mtu nilimwambia nimeweka kamusi ili kumrahisishia Zulfa kazi. Uongo. Niliiweka kwa woga. Nilikuwa nampenda, jamani, nilikuwa namngoja kila siku tangu asubuhi kama mtu anayengoja mshahara, lakini heshima ya kuitwa profesa niliipenda zaidi. Nilitaka aendelee kuniona najua. Njia niliyoiona ni aache kuniuliza.

Bosi wetu alikuwa amefunga mtandao kwenye kompyuta zote isipokuwa yake na yangu, akaacha barua pepe tu, kwa sababu watu walikuwa wanaangalia mpira. Kwa hivyo kamusi ya mtandaoni haikuwezekana, ilibidi iwe ile inayokaa ndani ya kompyuta yenyewe. Kama hujawahi kuiweka, nikueleze. Programu ni kitu kimoja na maneno ni kitu kingine. Programu peke yake ni sanduku tupu. Unayapakua mafaili ya maneno, unayaweka kwenye folda yake, kisha unaionyesha programu ile folda ilipo, nayo inayasoma yote na kuyapanga. Nilipakua kila kitu nyumbani, nikakijaribu, nikakibeba kwa flashi.

Wasswa, dereva wetu, aliniona naingia na ile flashi mkononi. Akaniuliza ni ya nini, nikamweleza.

"Kenya, ule dada hakuji kwa wewe sababu ya maneno."

"Anakuja kwa sababu gani?"

"Muulize."

"Nimuulize nini?"

Wasswa akanitazama vile anavyotazama tairi lililoisha. Akaenda kuosha gari.

Nilivuta kiti nikakaa karibu na Zulfa kwenye meza yake. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa karibu hivyo, bega kwa bega, na tulikaa mpaka chai ya watu wengine ikaisha. Alikuwa amejipaka mafuta fulani yenye harufu ya karafuu. Mimi nafasi ile niliitumia kumweleza habari za mafolda. Nilimweleza tofauti ya programu na mafaili. Nilimweleza kwa nini flashi hutolewa taratibu. Alisikiliza yote, kidevu mkononi, na alikuwa anautazama uso wangu zaidi ya skrini. Nikamwambia atazame skrini.

Kisha nikamwonyesha kile nilichojivunia sana. Nilikuwa nimeipanga ile kamusi ijifungue yenyewe kompyuta ikiwashwa, na ukilibofya neno popote lilipo, hata ndani ya barua, maana yake inatokea hapo hapo. Huhitaji kuinuka kwenye kiti. Hayo maneno nilimwambia kwa mdomo wangu mwenyewe, kwamba hatahitaji kuinuka kwenye kiti.

"Tutafute neno gani?" akauliza.

"Lolote."

Akaandika muhibu. Kamusi ikajibu: mpenzi, mtu apendwaye.

Tukaitazama wote wawili. Zulfa akanigeukia. Alikuwa ananingoja, hilo nalijua leo. Siku ile nililoliona ni kwamba nimeumbuka kwa habari ya jina la mtu wa Pwani, nikatafuta la kusema haraka.

"Umeona?" nikamwambia. "Inafanya kazi."

"Naona," akasema. "Sasa mimi hapana haja ya kuja kwako."

"Hata kidogo."

Akanishukuru. Nikachomoa flashi, taratibu, kama nilivyomfundisha.

Kesho yake hakuja saa ya chai. Wala kesho kutwa. Nilijiambia mfumo umepokelewa vizuri. Wiki ile nilifanya kazi nyingi sana bila kusumbuliwa na mtu, na kila jioni nilirudi nyumbani nikiwa na uchungu ambao sikuuelewa. Nikadhani ni malaria, nikaenda kupima. Haikuwa malaria.

Nikaanza kwenda mimi kwenye meza yake, na kwa kuwa sikuwa na la kusema nilikuwa naulizia kamusi.

"Kamusi inaendeleaje?"

"Haijambo. Inakusalimia."

"Haina tatizo?"

"Haina."

Nikapata mafaili mapya ya maneno, nikamwongezea. Nikamwongezea na ya Kifaransa, ambayo hakuna aliyeyaomba. Kila nikienda anainuka kwa adabu, ananipisha kiti, anakwenda kusimama dirishani mpaka nimalize. Wasswa aliponiona natoka huko siku moja alitikisa kichwa. "Umemupa kamusi, umemupa na Kifalansa. Banange, jamani."

Ndipo nikafanya jambo la pili, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nilikwenda kwenye kompyuta yake nikaifuta ile folda ya maneno. Programu niliiacha. Akiifungua ataikuta kama kawaida, ila kila neno atakaloliandika ataambiwa halipo. Nilijua lazima atakuja. Atasema, Kenya, kamusi yako imekufa. Nami nitamwambia achana nayo, uwe unakuja tu.

Nilijipanga vizuri. Nilivaa lile shati langu la bluu. Nilifuta vumbi kwenye kabati la mafaili pale anapoegemea, nikaketi.

Hakuja. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza, shati nikalifua nikalivaa tena. Barua zake ziliendelea kutoka kila siku, Kiswahili safi, wateja wanashukuru. Na kamusi haikuwa na neno hata moja ndani.

Mwenye akili angeshatambua. Mimi niliamini amejifunza kutoka kwangu kiasi cha kutosha.

Kisha Zulfa mwenyewe akakosekana kazini. Bosi akatuambia mama yake amelazwa hospitali ya Mulago, amefanyiwa upasuaji wa mguu, anaendelea vizuri. Ofisi ikanunua matunda, tukatumwa mimi na Wasswa. Wasswa akabaki na gari, nikapanda peke yangu.

Nilipofika mlango wa wodi nilisikia sauti yake.

"Mama, hebu jitahidi unywe uji huu kabla haujapoa. Daktari akipita nitamwuliza lini ataturuhusu, lakini usinifanye nionekane sikulishi."

Nilisimama nikadhani nimekosea wodi. Sauti ilikuwa yake, lakini Kiswahili kile sijawahi kukisikia kwake, wala kwangu, wala kwa mwalimu wangu. Aliponiona akanyamaza. Mama yake akageuza kichwa, akaniita kwa jina langu. Si Kenya. Jina langu kamili, lile ambalo ofisini hakuna anayelikumbuka.

"Karibu, mwanangu. Ndiwe wewe, sivyo? Keti."

Nikaketi. Mama akanieleza bila haraka kwamba wazee wao walitoka Pwani na biashara zamani sana, wakakaa, na nyumbani kwao Kisugu lugha ya mezani ni Kiswahili mpaka leo.

"Ofisini sikisemi," Zulfa akadakia, akiwa anachambua matunda. "Watu wakikusikia wanakuita mtoto wa askari, eti Kiswahili ni lugha ya jeshi."

"Kila jioni alikuwa akirudi namwuliza, Mkenya wako kasema nini leo?" mama akaendelea. "Ananieleza, tunacheka. Ile ya jina la mtu wa Pwani nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikamwambia, huyu muungwana, hajui lakini hataki kukuvunja moyo. Kisha siku moja nikamwuliza tena. Akasema, leo kanipa kamusi, Mama. Tangu hapo sikumwuliza."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa habari tu. Nilishika magotini mfuko wa machungwa uliobaki na sikujua niuweke wapi.

Zulfa alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Hapo nikamwuliza.

"Mbona ulikuwa unaniuliza maneno unayoyajua?"

"Ulitaka nikuulize nini?"

Nimejaribu kulijibu swali hilo tangu siku ile. Pale kwenye ngazi nilichoweza kusema ni kwamba mimi ni Mkristo, kana kwamba hilo ndilo lililotukwamisha.

"Hilo lingezungumzwa," akasema. "Wazee wangekaa, wangekubali au wangekataa. Wewe hukufika hata mahali pa kukataliwa."

Nikamwambia nimefika sasa. Nikamwambia nampenda, tangu siku za stakabadhi, na kwamba ile kamusi niliifuta mwenyewe ili arudi.

"Uliifuta?" Alishangaa kweli. "Mimi sijawahi kuifungua."

Kisha akaniambia, kwa upole, kwamba kabla mama hajaugua watu walileta posa nyumbani. Jirani yao, mwenye duka la vitambaa. Amekubali.

"Ni mtu mwema?" nikauliza.

"Anauliza maswali," akasema, akarudi wodini.

Kwenye gari Wasswa hakuwasha injini mara moja.

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

Akanitazama usoni, akawasha injini. Akatuendesha hadi Kawempe redio ikiwa imezimwa.

Zulfa ameshaolewa na ameacha kazi. Watu wa ofisi walialikwa, nami nilikwenda, nikala pilau ya watu na kuwapa mkono. Sikuwa na haki ya kukasirika, na kwa kweli sikukasirika. Nililia nyumbani, peke yangu, nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Basi wewe unayesoma hapa, mwanaume mwenzangu hasa wewe unayejua mambo ya kompyuta, nisikilize. Mtu akija mezani kwako kila siku na kikombe chake, akakuuliza jambo dogo ambalo angeweza kumwuliza yeyote, hana shida ya jambo hilo. Usimtafutie programu. Kama hujui jibu, mwambie hujui, umwulize yeye. Umwulize amekula nini, mama yake hajambo, Jumapili anakuwa wapi. Utaonekana mjinga siku moja. Mimi naonekana mjinga kila siku saa ya chai.

Ile kamusi ninayo bado kwenye kompyuta yangu, na mafaili yote, hata ya Kifaransa. Inafunguka haraka, haihitaji mtandao, haina tatizo lolote. Na mpaka leo haijaniuliza neno hata moja.