Kupima Vumbi la Nyota

Biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, na marobota ya mitumba yalikuwa yakifika hadi soko la Sumbawanga. Katikati ya makoti ya robota moja nilikuta gazeti la sayansi lisilo na jalada. Ndani yake mlikuwa na picha mbili za nyota moja, nzito kupita jua letu mara nyingi, iliyotapika vumbi likaizunguka pande zote. Picha zililingana ukubwa, ila ya pili ilipigwa miaka mingi baadaye. Kiherehere kikanishika. Vumbi lile lilikuwa bado linakwenda?

Baba alitaka mimi, binti yake, nisomee uuguzi. Mimi nilitaka kidato cha tano, fizikia. "Nionyeshe hiyo fizikia inafanya nini," alisema, "ndipo tuongee."

Basi nikachukua rula, nikapima kutoka ukingo wa picha hadi kila bonge la vumbi. Majibu yakawa vioja: mabonge yote yalikuwa yamehamia kushoto, hata nyota yenyewe. Nusura nilichane gazeti.

Nikaenda shambani na hasira zangu kupiga ntumba, yale matuta ya mviringo tunayofukia nyasi zioze. Kila msimu tunayabomoa na mapya yanakaa pengine, ndiyo maana hakuna Mfipa anayepima mpaka wa shamba kuanzia kwenye tuta. Tunaanzia kwenye kichuguu. Nikasimamisha jembe, nikacheka peke yangu. Ukingo wa picha ulikuwa tuta tu, mpiga picha anaukata apendavyo.

Nikapima upya, safari hii kuanzia nyota ndogo za pembeni, ambazo zenyewe kwa zenyewe hazikuwa zimesogeleana wala kuachana. Mabonge yalikuwa yakiikimbia nyota kubwa kila upande, na lililokuwa mbali zaidi ndilo lililokwenda zaidi. Nilifurahi.

Jioni nikampelekea baba. Alishika rula mwenyewe, akapima bonge moja, kisha jingine.

"Kweli linakwenda," alisema. Akanirudishia rula. "Wauguzi wanapangiwa Matai, wanapangiwa Mwazye, karibu na nyumbani. Hawa wapima nyota, mama, wanapangiwa wapi?"

Kumbe muda wote ule hofu yake haikuwa fizikia. Nilitamani kumjibu kwamba hapahapa Sumbawanga, lakini nilijua si kweli, na yeye alijua.

"Basi utakwenda," alisema, bila kunitazama.